Tulinde mazalio ya Ziwa Edward, na mwenyeji awe mgeni wa kwanza

Kila mwaka, kuanzia Oktoba hivi, baridi inapokaza Ulaya na Asia, ndege kwa maelfu hufunga safari ya kuja kwetu. Mbayuwayu, membe, shakwe na ndege wa matopeni wenye miguu mirefu huvuka jangwa la Sahara, na baadhi yao hutua kando ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, katika jimbo hili letu la Kivu ya Kaskazini. Hawaombi viza, wala hakuna kizuizi cha barabarani kinachowatoza ushuru. Hukaa hadi Machi au Aprili, kisha hurudi kwao kuzaa. Wenyeji wa ziwa hubaki: mwari mwenye mfuko chini ya mdomo, mnandi anayepiga mbizi, fukombe anayenyakua samaki kwa kucha, na makorongo wanaosubiri matumbo ya samaki katikati ya wavuvi wa Vitshumbi.

Mkaaji wa Mubi anayetaka kuwaona ana shida ambayo ndege hao hawana. Njia ya kawaida ni kwenda Goma, kupanda Rutshuru, kupita Rwindi hadi ufukweni. Tangu Machi 2024, waasi wa M23 walipofika Rwindi na Vitshumbi, njia hiyo si ya matembezi tena. Sisi wa Walikale tunajua maana yake, kwa kuwa Machi 2025 waasi hao hao waliingia Walikale-centre, na watu wakakimbia wakiwa na vichwa vya mizigo na watoto mgongoni.

Basi kuna atakayeuliza: watu wanakimbia, nyie mnaandika habari za ndege? Swali ni la haki, na jibu letu ni fupi. Pale ndege wa Ziwa Edward wanapopata chakula na kulea makinda ndipo samaki wanapotaga mayai. Kwenye midomo ya mito kama Rutshuru na Rwindi, kwenye ghuba za maji mafupi na kwenye mafunjo, ndege na samaki wanashiriki chumba kimoja cha uzazi. Anayelinda chumba hicho analinda sufuria ya mama wa Vitshumbi, ya Butembo na ya Goma.

Ziwa lenyewe lina zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na zaidi ya theluthi mbili yake iko upande wa Congo. Sehemu iliyobaki ni ya Uganda. Virunga iliundwa mwaka 1925, ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1979, na mwaka 1996 ikaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo ya majimaji yenye umuhimu kwa dunia, hasa kwa ndege. Zaidi ya aina 700 za ndege zimeorodheshwa humo. Kwenye karatasi, ufuko wa Ziwa Edward ni miongoni mwa fuko zinazolindwa zaidi Afrika.

Lakini karatasi haizuii wavu wenye matundu madogo. Sheria ilitambua vijiji vitatu tu vya uvuvi upande wetu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Vita vya miaka thelathini vimeleta kambi nyingine, mitumbwi isiyo na hesabu, na watu wenye silaha wanaouza ruhusa ya kuvua hata kwenye mazalio. Anayelipa ushuru huo hupata samaki wachanga leo. Kesho yeye na jirani yake hurudi na mtumbwi mtupu.

Mfano wa viboko unatosha kutufundisha. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na karibu viboko 30,000. Kufikia mwaka 2005 hawakufika hata 1,000, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya nyama na meno. Kiboko hula majani usiku nchi kavu na kurudisha samadi majini mchana. Samadi hiyo hulisha viumbe vidogo vinavyoliwa na samaki, na samaki huliwa na ndege na binadamu. Aprili 2025 pigo jingine lilikuja: viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta, mizoga yao ikielea kwenye mto Ishasha ambao maji yake huingia ziwani. Wakaaji walionywa wasile nyama hiyo na wachemshe maji ya kunywa. Ugonjwa wa mnyama haukuishia kwa mnyama.

Tukiangalia ng'ambo, tunaona ziwa hilo hilo likitumika kwa namna nyingine. Kwenye mfereji wa asili wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, mashua za Hifadhi ya Queen Elizabeth hupeleka watalii kutazama mwari, shakwe na viboko. Ziwa George liliandikishwa Ramsar mwaka 1988, la kwanza nchini Uganda, na sheria ya huko inaagiza asilimia 20 ya ada za kiingilio cha hifadhi iende kwa serikali za mitaa zinazopakana nazo. Uganda nayo ina wavuvi haramu na malalamiko yake. Hata hivyo, mwari aliyepigwa picha asubuhi Kazinga akalipiwa dola anaweza kuwa jioni upande wetu, ambako hakuna anayenufaika naye isipokuwa mwenye bunduki.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji wa Ziwa Edward apone, mambo manne yanahitajika.

La kwanza, kila mwenye silaha, awe wa M23, wa makundi mengine au askari wa serikali, aondoke kwenye mazalio na aache kuuza ruhusa za uvuvi. Hili halipaswi kusubiri amani kamili. Wanaozungumza na pande hizi mezani waliweke kwenye ajenda, kama wanavyoweka njia za kupitisha misaada.

La pili, Taasisi ya Congo ya Uhifadhi wa Mazingira (ICCN) iwape wavuvi wa vijiji vitatu vinavyotambuliwa nafasi ya kweli katika maamuzi: idadi ya mitumbwi, ukubwa wa matundu ya nyavu, na sehemu za kufungwa. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamepoteza maisha wakilinda hifadhi hii, kumi na wawili kati yao kwa siku moja, Aprili 24, 2020. Damu hiyo haiwezi kuwa mbinu ya kudumu. Kijiji kinachonufaika na mazalio huyalinda bila kusubiri doria.

La tatu, serikali ifunge mlango wa mafuta moja kwa moja. Kampuni ya Uingereza ya SOCO ilifanya utafiti wa mafuta ndani ya Ziwa Edward mwaka 2014 kabla ya kujiondoa kwa shinikizo. Mwaka 2022 Kinshasa ikanadi vitalu vya mafuta, vingine vikigusa Virunga, na Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Kilichofutwa kwa uamuzi wa waziri kinaweza kurudishwa na waziri mwingine. Tunataka sheria inayolitaja ziwa kwa jina.

La nne, siku barabara itakapofunguliwa, mgeni wa kwanza awe Mkongomani. Wengi wetu hapa tunajua bei ya kasiteriti ya Bisie kuliko tunavyojua sura ya mwari. Si kosa letu: utalii wa Virunga ulijengwa kwa ajili ya mwenye pasipoti ya mbali. Mwanafunzi wa Mubi, Masisi au Kanyabayonga apangiwe bei anayoweza kuimudu, na shule zipelekwe ufukweni. Mtoto aliyemwona membe aliyetoka Asia akila kwenye maji ya jimbo lake hataambiwa kirahisi kwamba hifadhi ni shamba la wazungu.

Kwa sisi wa Masisi na Walikale kuna kazi isiyohitaji kusubiri Rwindi. Masisi ina maziwa yake ya Mokoto, Walikale ina mto Lowa na vijito vyake ambavyo uchimbaji huvijaza matope. Machifu, makanisa na mashirika ya kiraia wanaweza kukubaliana sehemu za mafunjo ambazo hakuna wavu, moto wala jembe litakaloingia wakati wa kuzaa. Hilo halihitaji mfadhili wala sahihi ya Kinshasa.

Oktoba ijayo ndege watakuja tena. Tukiendelea hivi, watakuta ufuko uliotegwa nyavu hadi ndani ya mafunjo, na mvuvi atakuwa amepoteza kabla yao.