Kabla ya kulipia gari la mtumba, kagua ufunguo

MNUNUZI wa gari lililotumika ana mambo yake aliyozoea kukagua. Hufungua boneti akasikiliza injini, huinama kutazama kama kuna oili inayovuja, hukanyaga breki, kisha hupiga hesabu ya ushuru. Ufunguo huupokea mwishoni kabisa, fedha zikiwa zimekwishahesabiwa, kana kwamba ni kipande cha chuma tu. Kwa magari yanayoingia Afrika Mashariki miaka hii, mazoea hayo yanaweza kumtia hasara mkulima au mfanyabiashara aliyedunduliza mtaji wake kwa muda mrefu.

Sababu ni kwamba ufunguo wa gari la kisasa ni chombo cha elektroniki kinachozungumza na kompyuta iliyomo ndani ya gari. Ukipotea, fundi wa kuchonga funguo pale stendi hawezi kukusaidia kwa tupa na mashine yake. Na ukitumiwa vibaya, gari linaweza kuondoka bila kioo kuvunjwa.

Ili tuelewane, ni vema kuzigawa funguo hizo katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni ufunguo wa chuma kitupu, ambao bado unatumika katika magari mengi ya zamani ya kubebea mizigo, yakiwamo Kirikuu tunayoyaona kila siku sokoni. Ukipotea, mwingine huchongwa kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo. Ubaya wake ni kwamba mwizi naye anaweza kuliwasha gari kwa urahisi uleule.

Kundi la pili linafanana na la kwanza kwa macho, lakini ndani ya plastiki ya kushikia kuna chipu ndogo. Unapouzungusha ufunguo, gari huisoma chipu hiyo na kuhakiki namba yake ya siri. Namba isipotambulika, injini hukataa kuwaka, hata kama ufunguo umechongwa vizuri kiasi gani. Umoja wa Ulaya uliufanya mfumo huu wa kuzuia injini kuwa wa lazima kwa magari mapya mwaka 1998.

Kundi la tatu ni ufunguo usioingizwa popote. Dereva hubaki nao mfukoni, hushika kitasa mlango ukafunguka, kisha hukanyaga breki na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Gari hutoa mawimbi dhaifu yanayofika umbali wa mita moja au mbili, na ufunguo huyajibu kwa mawimbi ya redio. Mercedes-Benz ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kuuza mfumo huu, katika magari yake ya kifahari ya S-Class mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadaye mfumo ukashuka hadi kwenye magari ya kawaida, na leo hata gari dogo kutoka Japan linaweza kuja na kitufe badala ya tundu la ufunguo.

Sheria za nchi zetu nazo zinatusukuma huko. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Kwa hiyo mnunuzi anayekwepa gharama hizo hujikuta akichagua magari ya miaka ya karibuni, ambayo mengi yana funguo za kundi la pili na la tatu. Hata asiyehitaji teknolojia hiyo huinunua pamoja na gari.

Hapa ndipo hesabu ya mtaji inapoingia. Gari likitoka kiwandani huwa na funguo mbili au zaidi, lakini likishapita kwa mmiliki wa kwanza, mnada, muuzaji na wakala wa bandarini, si ajabu kumfikia mnunuzi likiwa na ufunguo mmoja tu. Ufunguo mmoja ukiwapo na unafanya kazi, fundi mwenye kompyuta ya kupimia anaweza kusajili wa pili kwa urahisi. Ukipotea ule mmoja, kazi hubadilika. Fundi hulazimika kuifanya kompyuta ya gari isahau funguo za zamani na kukubali mpya, na katika baadhi ya magari hulazimika kufungua vifaa vya ndani. Kama gari liko kijijini, ongeza gharama ya kulikokota hadi mjini au nauli ya kumleta fundi.

Mfanyabiashara wa nyanya au maziwa anaielewa hasara hiyo bila kuelezwa. Gari likilala siku mbili kwa kukosa ufunguo, mzigo hausubiri. Kwa sababu hiyo, ufunguo wa akiba uhesabiwe kama tairi la akiba, na uingizwe kwenye mapatano ya bei. Muuzaji asiye na ufunguo wa pili apunguze bei, au autengeneze kabla ya malipo kukamilika.

Je, basi turudi kwenye chuma kitupu? Yaliyotokea Marekani yanatoa fundisho. Kampuni za Hyundai na Kia ziliuza huko magari mengi ya miaka ya 2011 hadi 2022 yenye ufunguo wa kuzungusha na yasiyo na mfumo wa kuzuia injini. Video zikasambaa mtandaoni zikionyesha namna ya kuyaiba, na kuanzia mwaka 2021 wizi wa magari hayo ukapanda katika miji mingi. Mwaka 2023 kampuni hizo zilikubali kumaliza kesi ya wateja kwa makubaliano yenye thamani ya takriban dola milioni 200. Ile chipu ndogo, kumbe, ilikuwa ikifanya kazi kubwa.

Hata hivyo, ufunguo wa mfukoni una udhaifu wake. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, walijaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8 na kuonyesha kwamba yote yangeweza kudanganywa. Mbinu yenyewe inahitaji watu wawili. Mmoja husogea karibu na mahali ufunguo ulipo, mathalani mlango wa nyumba, akiwa na kifaa cha kunasa mawimbi. Mwenzake husimama kando ya gari. Vifaa vyao hurefusha mawimbi, gari likadhani ufunguo uko hapo hapo, likafunguka na kuwaka. Namba ya siri haivunjwi, inapitishwa tu.

Wizi wa kutumia elektroniki umekuwa tatizo la serikali. Kanada iliitisha mkutano wa kitaifa kuhusu wizi wa magari Februari 2024. Miezi miwili baadaye, polisi wa jimbo la Ontario walitangaza kwamba magari 598 ya wizi yalikuwa yamekamatwa katika bandari ya Montreal kabla ya kusafirishwa. Serikali ya nchi hiyo imesema magari ya aina hiyo hupelekwa Afrika na Mashariki ya Kati, miongoni mwa maeneo mengine. Kwa hiyo, mnunuzi wa huku anayeuziwa gari la thamani kwa bei ya kutupa, lenye ufunguo mmoja na maelezo ya kubabaisha, ahakiki namba ya chesisi na nyaraka kabla ya kufurahia. Nayo Uingereza ilitangaza Februari 2025 mpango wa kuifanya kuwa kosa kumiliki vifaa vya namna hiyo, adhabu ikiwa hadi miaka 5 jela.

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna hila nyingine iliyo rahisi zaidi. Mwizi huwasha kifaa kinachotoa mawimbi ya masafa yaleyale ya rimoti, hivyo unapobonyeza kufunga, gari halisikii. Unaingia benki au dukani ukiamini umefunga. Polisi wa Afrika Kusini wamekuwa wakitahadharisha kuhusu hila hiyo. Kinga yake haina gharama: hakikisha taa zimemweka na loki zimelia kabla hujaondoka, na kama rimoti yako ni ya kawaida, vuta kitasa.

Siku ya kununua, jaribu kila ufunguo peke yake, mwingine ukiwa mbali na gari. Mwambie fundi asome kwenye kompyuta ni funguo ngapi zimesajiliwa. Zikionekana mbili nawe umepewa mmoja, ule usiojulikana ulipo ufutwe. Mwenye daladala au teksi afanye vivyo hivyo anapobadilisha dereva.

Fahamu pia kwamba ndani ya ufunguo wa mfukoni kuna betri ndogo, mara nyingi ya aina ya CR2032. Tarakimu 20 ni upana wake kwa milimita na 32 ni unene wa milimita 3.2, hivyo usikubali kuuziwa inayokaribiana tu. Betri ikiisha ukiwa shambani, gari halijafa. Ndani ya ufunguo huo kuna kipande cha chuma cha kufungulia mlango, na katika magari mengi ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, injini itawaka. Mwombe muuzaji akuonyeshe kabla hamjaachana.

Usiku, wa mfukoni uwekwe ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, mbali na mlango. Lijaribu kopo hilo kwanza kando ya gari; mlango ukifunguka, tafuta jingine. Vilevile, dereva asiondoke na gari linalounguruma huku ufunguo umebaki mfukoni mwa tajiri sokoni. Gari litalia kuonya lakini litaendelea kwenda, na akilizima njiani halitawaka tena.

Kwa kazi za shamba na soko, ambako kuna vumbi, mvua na mikono mingi, ufunguo wa chuma wenye chipu unafaa zaidi. Unamzuia mwizi, hautegemei betri kuwasha injini, na kutengeneza wa pili hakumalizi faida ya msimu. Anayeamua kununua gari la kitufe asizuiwe, mradi aondoke na funguo mbili zilizojaribiwa mbele ya macho yake.