Asili

Katika vitabu vya hesabu vya shule za msingi, sehemu ina namba mbili: ya juu huitwa kiasi, ya chini huitwa asili. Mtoto hujifunza siku moja kwamba robo tatu ni 3 juu ya 4, kisha hukimbilia mpira. Toleo hili lote linahusu namba ile ya chini. Mjadala wa cheti cha kitaaluma kwa watu wa afya ya jamii umetufikia, na swali linalorudi kila tunapokutana ni hili: maarifa ya msingi ni yapi, yale ambayo asiyekuwa nayo asipewe cheti hata kama anajua mengine yote? Jibu langu ni asili. Nitalieleza kupitia Ntoto, kijiji cha wilaya ya Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilicho karibu na mpaka wa wilaya ya Masisi, kwa sababu pale neno hilo lina uzito kwa maana zake zote mbili.

Wamarekani walianza mapema. Bodi yao ya mitihani ya afya ya jamii iliundwa 2005, na mtihani wa kwanza ukafanyika 2008, ukisimama juu ya nguzo tano: takwimu, epidemiolojia, afya ya mazingira, sera na uongozi wa huduma, na sayansi ya jamii na tabia. Baadaye nguzo hizo zikapanuliwa. Nimeisoma orodha yao kwa heshima na sina ugomvi nayo. Lakini nchi ile inahesabu watu wake kila miaka 10 tangu 1790. Mtunzi wa mtihani anaweza kuiandika asili ndani ya swali, "katika mji wa watu 40,000", na mtahiniwa akabaki na kazi ya kugawanya tu. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Huku kwetu asili haiandikwi ndani ya swali. Kuitafuta ndiyo swali lenyewe.

Tuone inavyokuwa. Tuseme eneo la afya lina watu 8,000 kwenye karatasi. Namba hiyo haikutoka kwa mtu aliyepita nyumba kwa nyumba. Ilitoka kwenye sensa ile ya 1984, ikaongezwa asilimia 3 hivi kila mwaka, ikapita mikono mingi hadi ikafika ukutani kwa muuguzi msimamizi wa kituo, yule tunayemwita IT. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hukadiriwa kuwa karibu asilimia 19 ya watu wote, kwa hiyo anatakiwa kuwa na watoto 1,520. Kampeni ya surua inakuja, anachanja watoto 1,600. Ripoti inasema asilimia 105. Ofisi ya zoni ya afya inampongeza. Wiki chache baadaye surua inaingia eneo lile lile na watoto wanazikwa. Hakuna aliyeongopa. Vita vilileta kaya mpya kutoka mlima wa pili, zikapokewa majumbani mwa ndugu na marafiki, watoto wakawa 2,600, na 1,000 kati yao hawakuiona sindano. Chanjo iliwafikia asilimia 61 au 62, wakati surua haizuiliki hadi ufike 95 hivi.

Mwaka mwingine mambo yanageuka. Kijiji kimekimbilia msituni, waliobaki au kurudi wana watoto 400, IT amewachanja wote, hata mmoja hakubaki. Ripoti inasema asilimia 26, na anaitwa kujieleza kwa uzembe. Kazi bora kuliko zote mwaka ule imehesabiwa kuwa mbovu. Nawaomba wasomaji walio katika ofisi za zoni na za jimbo wasome tena mfano huu kabla ya kuandika barua nyingine ya karipio.

Namba ya juu mara nyingi tunaijua. Tunaihesabu kwa vidole: sindano tulizochoma, wagonjwa waliolazwa, makaburi. Goma ilitufundisha hivyo Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika mpakani kwa siku chache. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Maiti zilihesabika kwa sababu ilibidi malori yazikusanye. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, jembe haliingii kuchimba kaburi, wala choo. Lakini waliokuwa hai walikuwa wangapi? Wengine walikadiria 500,000, wengine 800,000. Gawanya maiti hizo kwa siku 31, utapata vifo 1,600 na zaidi kwa siku. Juu ya watu 800,000, ni vifo 20 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Juu ya 500,000, ni 32. Kizingiti cha dharura ni kifo 1, kwa hiyo mtu anaweza kusema tofauti ya 20 na 32 haina maana, maafa ni maafa. Aende akagawe maji. Kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku: watu 500,000 wanahitaji lita milioni 7.5, watu 800,000 wanahitaji milioni 12. Pengo la lita milioni 4.5 kila siku ni watu wenye ndoo mikononi, na Ziwa Kivu lilikuwa karibu, maji yake yakiwa na kipindupindu.

Huo ni upande wa hesabu, na kama ingekuwa hesabu tu, kozi ya wiki mbili ingetosha. Sasa nirudi Ntoto.

Mwaka 1972 sheria ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, iliwapa uraia watu wenye chimbuko la Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta, ikarudisha kipimo nyuma hadi 1885: babu zako walikuwa wapi mwaka ule? Mwaka 1991 serikali ikatuma watu na madaftari kutambua nani raia na nani si raia, na Masisi zoezi hilo likageuka vurugu. Machi 1993 wanamgambo wa Kihunde na Kinyanga wakawavamia Wahutu wasemao Kinyarwanda katika soko la Ntoto. Watu waliokuja kuuza na kununua waliuawa pale pale. Vita vikapanda milima ya Masisi, visasi vikafuata visasi, Wahunde nao wakazikwa, na watu wapatao 250,000 wakahama makwao. Idadi ya waliouawa sokoni bado hutajwa kwa namna tofauti, wengine wakisema makumi, wengine mamia. Wafu wale nao hawakupata mtu wa kuwahesabu sawasawa.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anayeingia kijiji cha Masisi au Walikale na daftari mkononi hawi wa kwanza kufika na daftari. Aliyemtangulia mwaka 1991 aliuliza asili kwa maana nyingine ya neno, na kilichofuata kila mzee anakijua. Mtu huyu wa afya anatafuta asili ya sehemu. Mlango anaobisha unasikia asili ya damu.

Nimewahi kuwa mtu huyo. Miaka mingi iliyopita, katika kazi ya chanjo kwenye milima ile, nilisimama mlangoni kwa mama mmoja nikasema nilivyofundishwa: "Mama, ninyi ni wa hapa?" Nilitaka kujua tu kama niwaweke kwenye hesabu ya wakazi au ya waliohama. Mama alinitazama, akamwita mtoto wake ndani, akasema hapa hakuna watoto. Niliandika sifuri, na nyuma ya ukuta wa udongo mtoto alikuwa anakohoa. Ile sifuri sijaisahau. Haikutokana na ujinga wa yule mama, kama tulivyozoea kuandika kwenye ripoti chini ya safu ya "waliokataa". Ilitokana na sentensi yangu.

Sentensi sahihi ipo, na ni fupi: "Usiku wa jana, katika nyumba hii walilala watu wangapi?" Kisha: "Watoto wanaokula chungu hiki ni wangapi?" Kwa kinga ya surua, kwa maji na kwa vyandarua, hilo linatosha. Kirusi hakiulizi babu alifika lini. Aliyelala hapa jana anapumua hewa ya nyumba hii, anakunywa kisima hiki na atatumia choo hiki, awe amezaliwa hapa au amefika juzi na godoro kichwani. Huyo ndiye wa kuwekwa chini ya mstari. Nashikilia kwamba asiyeelewa kwa nini swali la kwanza lilifunga mlango na la pili linaufungua hajafikia kiwango cha cheti, hata kama anaweza kueleza kwa ufasaha vipimo vyote vya takwimu.

Kuna zaidi. Orodha ikishaandikwa, inalala wapi? Ina safu ya kabila? Kwa nini? Majina ya wakuu wa kaya yanahitajika kweli, au namba ya nyumba inatosha? Kikundi chenye silaha kikiingia kituoni usiku, daftari lile litawaambia nini? Mambo haya yametupwa mno kwenye sura ya mwisho ya kozi, ile inayoitwa maadili, inayofundishwa Ijumaa mchana watu wakiwa wamechoka. Mahali kama Ntoto, mambo hayo ni sehemu ya ufundi wenyewe. Daftari la hatari huzaa hesabu ya uongo, kwa kuwa watu wenye akili timamu hawatajiandikisha humo.

Ebola iliturudisha darasani. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa 1 Agosti 2018 ukatangazwa kwisha 25 Juni 2020, ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kazi nzima ilisimama juu ya orodha: nani alimgusa mgonjwa, nani alimuosha maiti, nani alikaa naye ndani ya gari. Orodha ziliandikwa na watu wengi waliotoka mbali, katika nchi iliyojaa mashaka, na watu wakajificha. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa epidemiolojia kutoka Kamerun, aliuawa hospitalini Butembo akiwa kazini. Na wakati macho ya dunia yalikuwa kwenye Ebola ya Beni na Butembo, surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo nzima, wengi wao watoto, kwenye maeneo ambayo mengine yalikuwa na asilimia nzuri sana za chanjo kwenye karatasi. Mtu asiniambie kwamba asili ni jambo la wanatakwimu.

Hata wakubwa hugombana hapo hapo. Utafiti uliosema vita vya Kongo viliondoa watu milioni 5.4 kati ya 1998 na 2007 ulipingwa, na ugomvi haukuwa juu ya kwamba watu wamekufa. Ulikuwa juu ya kiwango cha vifo cha kabla ya vita, yaani tulianzia kuhesabu wapi. Wafu milioni kadhaa wanaonekana au kutoweka kulingana na unachokiweka chini.

Basi cheti kiweje? Kongo ina Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa tangu 1984, ina sheria iliyounda chama rasmi cha wauguzi tangu Julai 2016, ina sheria ya misingi ya afya ya umma tangu Desemba 2018. Hatuanzi na mikono mitupu. Ninachoogopa ni mtihani utakaoazimwa mzima kutoka nje, ukafanywa Goma au Kinshasa kwa Kifaransa, ukawapa cheti waliosoma karibu na barabara ya lami. Yuko muuguzi wa A2, yaani wa ngazi ya sekondari, ambaye kwa miaka 20 amehesabu mapaa ya nyumba kutoka mlimani, akalinganisha na idadi ya akina mama waliokuja kliniki ya wajawazito, akijua kwamba wajawazito hukadiriwa asilimia 4 ya watu, na kwa njia hiyo akagundua kijiji kimeongezeka mara mbili kabla shirika lolote halijafika. Wako RECO, wahudumu wa kujitolea wa jamii, wanaojua kila chungu cha mtaa wao. Maarifa ya msingi wanayo tayari. Wanakosa jina lake na karatasi yake, na kwa hiyo wanakosa mshahara wake.

Nataka mtihani uwe pia kwa Kiswahili, na sehemu yake iwe ya mdomo. Sisemi hivi kwa kuipendelea lugha. Kuhesabu watu hufanyika mdomoni, mlangoni, kwa Kiswahili chetu cha Kivu au kwa Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda, na neno likikosewa pale hakuna hesabu ya ofisini itakayolitengeneza. Wenzangu wawili katika bodi ya uhariri hawakubaliani nami juu ya sehemu ya mdomo. Wanaona itafungua mlango wa upendeleo na rushwa. Hoja yao ina nguvu, na imepewa kurasa zake katika toleo hili. Mimi bado naona hatari ya kutosikia kabisa jinsi mtahiniwa anavyozungumza na mtu ni kubwa zaidi.

Nimejaribu kutunga swali moja, nalitoa hapa ili wasomaji walikosoe na kututumia mengine.

"Umefika kituo cha afya kilicho msituni, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka barabara ya pikipiki. Kwenye karatasi kuna watu 8,000. Jana na juzi watu wamekuwa wakiingia kutoka upande wa Masisi, wakilala kanisani, shuleni na majumbani mwa watu. Una dozi 1,500 za chanjo ya surua, RECO wanne, na siku mbili kabla barafu ya chombo cha chanjo haijayeyuka. Eleza utakavyokadiria idadi ya watoto. Eleza kitakachoandikwa kwenye daftari na kisichoandikwa. Kisha andika, neno kwa neno, sentensi ya kwanza utakayoisema ukifika mlangoni."