Gari Lenye Kelele Alfajiri

Msomaji wetu mmoja, mkaazi wa Mikindani, ametuletea barua akisema kwamba gari lake, alilolinunua kwa fedha za korosho, hutoa kelele kubwa kila aliwashapo alfajiri kwenda msikitini, hata majirani wamekwisha kunung'unika. Fundi amemwambia kuwa injini yote ifunguliwe. Auliza: je, akubali?

Jawabu yetu ni kwamba asikubali bado. Kwa maelezo yake mwenyewe, gari lilipelekwa kwa fundi adhuhuri, baada ya kuendeshwa kutoka Mikindani mpaka Mtwara mjini. Injini iliyokwisha kupata moto haiwezi kutoa ushahidi wa maradhi ya baridi. Kwanza gari lilazwe kwa fundi, na asubuhi liwashwe mbele yake, naye akiwa ameinama juu ya boneti iliyo wazi.

Yafaa ijulikane kuwa kelele ya kuwasha gari haina asili moja, na kinachoitambulisha si ukubwa wake bali ni wakati wake. Sikilizeni yaanza lini na yakoma lini.

Ikiwa injini haijashika, na hamsikii ila mlio wa haraka haraka, tik-tik-tik, basi ama betri imeishiwa nguvu, ama nguvu ipo lakini haipiti. Sisi tukaao Ufukoni tuitazame hii ya pili kwanza, kwa kuwa upepo wa bahari watuletea chumvi mpaka uani, na chumvi haina urafiki na madini. Fungueni waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Sugueni vichwa vya betri kwa maji ya moto yenye magadi soda na mswaki mkuukuu. Vikaukapo, rejesheni chanya kwanza na hasi mwisho, na mpake grisi. Betri nzima iliyojaa, ikipimwa baada ya kulala usiku kucha, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12 tu, ina njaa.

Ama mkisikia chuma kinasaga chuma, hiyo ni gia ndogo ya stata isiyoshika sawasawa meno ya flaiwili. Hapa msishindane na ufunguo. Stata hufunguliwa na kutengenezwa kwa kazi ya saa chache, lakini meno ya flaiwili yakiliwa, hapana budi gia boksi ishushwe, na gharama yake ni nyingine kabisa.

Iko kelele nyingine ya mkwaruzo, ianzayo pale pale injini inaposhika na kutoweka baada ya sekunde moja au mbili. Sababu yake aghalabu ni oili, ambayo usiku huteremka chini, na asubuhi yahitaji muda kidogo kupanda juu. Tazameni kijiti cha oili kabla ya kuita mtu yeyote. Kisha ulizeni filta iliyofungwa ni ya namna gani, kwa maana filta njema ina kizuizi cha ndani kisichoacha oili irudi chini, na zile hafifu hazinacho au kinacho kisichofaa. Katika baadhi ya injini za Toyota zenye VVT-i, gia ya kamshafti ina pini ya kuifunga injini izimwapo. Pini ikilika, gia hutikisika mpaka oili iifikie. Gia hiyo hubadilishwa peke yake, wala si sababu ya kuipasua injini yote. Lakini mkwaruzo ukiendelea, au taa ya oili isipozimika, zimeni gari mara moja.

Mlio mwembamba wa kulia ni mkanda uliolegea au kukauka. Hilo ni dogo, tusikae nalo.

Tunalotaka kukaa nalo ni mngurumo, maana hilo ndilo tulidhanilo juu ya gari la ndugu yetu. Asema kelele ni "kama trekta," na kwamba hupungua akifika barabara kuu. Hiyo ni dalili ya moshi kupenya palipoungwa bomba la ekzosi na injini: chuma kikipata moto hutanuka na kuuziba ufa. Ngurumo isiyopungua kabisa huwa ni tundu la sailensa. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na gari la safari fupi fupi, za nyumbani hadi sokoni, halipati moto wa kuyakausha. Basi ekzosi huliwa ndani na maji, na nje na chumvi.

Hapa jambo limekwisha kupita haya ya majirani. Moshi huo una kaboni monoksidi, hewa isiyo rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aendaye Msimbati na watoto, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, akawaona wanalalamika kichwa, wanasinzia na kutapika, asiseme ni gari linawalevya tu. Asimame, afungue milango yote, awatoe nje.

Kuupata ufa si kazi kubwa. Injini ikiwa baridi, gari likiwa uwanjani, mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa, kwa sekunde chache tu, na fundi asikilize moshi unafoka wapi. Pengine ni gasketi, au nati iliyokatika. Kama ni tundu, chuma cha pembeni kigongwe kwa bisibisi: kikistahimili, kichomelewe, kikitoboka, sailensa ibadilishwe. Na mpaka hapo, ndugu yetu asiliwashe gari ndani ya banda lililofungwa, na wale watoto waende kwa basi.