Si kila hati ni hatimiliki

Mtu asafiriye kutoka Machakos kwenda Nairobi, ashike barabara ya Mombasa kupitia Athi River au azunguke kupitia Tala na Joska, hakosi kuona maneno haya yameandikwa kwa rangi kwenye ua au lango la mabati: "Hii shamba haiuzwi." Walimu wa sarufi watakimbilia kusahihisha upatanisho, waseme shamba hili haliuzwi. Nami ni mwalimu wa lugha, na zamani nilikuwa nikisahihisha kimoyomoyo kila nipitapo. Siku hizi linalonishughulisha ni jambo jingine. Ni wapi ambapo mwenye mali hulazimika kuutangazia ulimwengu kwamba mali yake haiuzwi? Ni pale ambapo mali hiyo yaweza kuuzwa na asiye mwenyewe, kwa mnunuzi asiyejua, kwa karatasi zinazopendeza macho.

Si siku nyingi zilizopita alinijia mwalimu wa shule ya upili niliyepata kumfundisha chuoni. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka tisa, na chama chake cha akiba na mikopo kilikuwa kimemkubalia mkopo wa kununua kiwanja. "Mwalimu," akaniambia, "hati ninayo hapa. Naomba unifafanulie tu Kiingereza chake kabla sijalipa." Nilipoifungua ile karatasi yenye mihuri miwili, nikaona kwamba ilikuwa cheti cha hisa. Ilisema mtu fulani anamiliki hisa kadhaa katika kampuni ya kununua ardhi. Haikutaja nambari ya kiwanja wala ukubwa wake. Hata jina la yule aliyekuwa akimuuzia halikuwamo.

Kosa la mwalimu huyu lilianzia katika neno. Neno "hati" tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mstari au mwandiko, na hadi leo tunamsifu mwanafunzi kwamba ana hati nzuri. Kwa asili, basi, hati ni maandishi tu, na haiahidi kitu chochote zaidi ya hapo. Dalali anaposema kwamba hati iko tayari, huenda hasemi uongo, kwani kweli ana karatasi yenye maandishi. Mnunuzi ndiye anayesikia "hati" akaelewa "hatimiliki". Katika pengo hilo kati ya maneno mawili, akiba ya maisha ya watu wengi imezama.

Yafaa basi tuzitenganishe karatasi hizi. Cheti cha hisa huthibitisha uanachama katika kampuni au chama cha ushirika. Katika Ukambani karatasi hizi ni nyingi kwa sababu baada ya uhuru baadhi ya mashamba makubwa ya mifugo ya walowezi yalinunuliwa na vyama na kampuni za wananchi, na wanachama wakapewa vyeti huku wakingoja ardhi ipimwe na kugawanywa. Mwenye cheti ana dai dhidi ya chama. Hana kipande cha ardhi kilichosajiliwa kwa jina lake. Ya pili ni barua ya ugawaji, ambayo serikali humpa mtu anayepewa ardhi ya umma. Mnamo Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba barua hiyo ni pendekezo tu: haimpi mtu umiliki mpaka masharti yake yatimizwe na ardhi isajiliwe. Ya tatu ni mkataba wa mauzo, ambao ni ahadi baina ya watu wawili. Ya nne ndiyo hatimiliki, yaani cheti kinachotolewa baada ya jina la mwenye ardhi kuandikwa katika daftari la serikali.

Je, mwenye kuipata hiyo ya nne amefika salama? Wengi wetu tulidhani hivyo, lakini sheria haikusema hivyo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema cheti ni ushahidi wa umiliki, isipokuwa pale kilipopatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 40, inakataa kulinda mali iliyobainika kupatikana kinyume cha sheria. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Kiwanja hicho kilisajiliwa kwanza mwaka 1989 kwa jina la Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa kwa kampuni moja, na baadaye kwa Dina. Mahakama iliona kwamba ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria, kwa kuwa mahali pale palikuwa wazi kwa matumizi ya umma. Mnunuzi wa mwisho hakuokolewa na cheti chake. Kwa lugha ya shambani, mti uliooza mzizi hauponi kwa kupakwa rangi matawi.

Sisi wa Machakos hatuhitaji kwenda Mombasa kutafuta mfano. Mnamo Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba zilijengwa katika ardhi ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, ingawa wakazi walisema walikuwa na stakabadhi. Mnamo Oktoba 2023, baada ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuamua kwamba ekari 4,298 huko Mavoko ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland, matingatinga yaliingia tena. Watu walitazama nyumba za mawe, nyingine za ghorofa, zikigeuka kifusi. Wengi wao hawakuwa wavamizi kwa nia, walikuwa wanunuzi. Walilipa fedha, wakapewa karatasi, wakajenga.

Tusijifanye kwamba lawama ni ya mnunuzi peke yake. Palipo na karatasi bandia, mara nyingi pana afisa aliyeitia muhuri, na aliyekaa kimya nyumba zikipanda ghorofa baada ya ghorofa. Hao wapaswa kujibu mahakamani. Hata hivyo, hukumu ya mlaghai haimrudishii mtu nyumba. Kwa hiyo nasaha yangu kwa mwalimu yule ndiyo nasaha yangu kwa msomaji, na mawakili niliowauliza wameniunga mkono.

Kwanza, kafanye upekuzi wewe mwenyewe, au wakili wako, katika masjala ya ardhi au katika mtandao wa Ardhisasa ambako rekodi za eneo hilo zimekwisha kuingizwa. Usipokee matokeo ya upekuzi kutoka kwa anayekuuzia. Tazama jina la mwenye ardhi, ukubwa, na kama pana rehani ya benki au zuio. Kisha rudi nyuma: uliza ardhi hii ilitoka kwa nani, na huyo aliipata vipi. Baada ya kesi ya Dina, jina la leo pekee halitoshi.

Pili, nenda shambani pamoja na mpima ardhi aliyesajiliwa, mkiwa na ramani ya masjala. Si ajabu mtu kuoneshwa kiwanja kizuri kando ya lami, kumbe nambari iliyo katika karatasi ni ya bonde la mawe lililo mbali. Zungumza na majirani. Mama anayeuza mboga njiani huenda akajua mgogoro ambao daftari halijauandika.

Tatu, uliza kama mwenye jina yu hai. Mashamba mengi ya Ukambani bado yamo katika majina ya babu waliokwisha kufariki. Mwana au mjukuu hawezi kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka ya kusimamia mirathi na kuyathibitisha. Na ikiwa shamba au nyumba ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yataka mume na mke wote wakubali. Mwombe muuzaji aje na mwenzake; akikataa, umekwisha kujibiwa.

Nne, kama ni ardhi ya kilimo, sharti bodi ya kudhibiti ardhi itoe kibali, na ombi lapasa kupelekwa katika miezi sita tangu mkataba kutiwa saini. Bila kibali, sheria huuhesabu mkataba kuwa batili. Anayenunua nyumba katika jengo la ghorofa, kama yale ya Mlolongo na Syokimau, aulize kama nyumba yake ina cheti chake yenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, na kama ardhi iliyo chini ya jengo imewekwa rehani.

Tano, ajiri wakili wako. Wakili wa muuzaji ni wa muuzaji. Mkataba wa ardhi sharti uandikwe, utiwe saini na ushuhudiwe. Malipo ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, yapitie benki na yashikwe na mawakili, yasitiwe mfukoni mwa dalali. Weka kando pia ushuru wa stampu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani, pamoja na ada za wakili na mpima. Asiyeyahesabu haya hujikuta amelipa bei yote ilhali hana fedha za kusajili jina lake.

Narudi katika fani yangu. Katiba yetu imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mikataba mingi ya ardhi huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata mwenye shahada hukisoma kwa taabu. Watu huona haya kusema hawakuelewa, wakatia saini. Mwambie wakili wako akueleze kila kifungu kwa Kiswahili au kwa Kikamba, kisha umrudishie kwa maneno yako mwenyewe ulivyoelewa. Walimu wenzangu, darasani tunafundisha barua rasmi na kumbukumbu za mikutano. Je, ingekuwa dhambi tukileta siku moja mkataba wa mauzo, tukawauliza wanafunzi ni nani anayeahidi nini, na lini? Baadhi yao watanunua nyumba kabla hawajafikisha miaka 30.

Mwalimu yule hajalipa. Dalali humpigia simu kila siku, akimwambia kwamba pana mnunuzi mwingine aliyeleta fedha taslimu na kwamba bei itapanda mwisho wa mwezi. Nimemjibu kwamba huyo mnunuzi mwingine, kama yupo, anahitaji kuombewa. Ardhi ya halali itaendelea kuwa mahali ilipo mpaka masjala ifunguliwe Jumatatu asubuhi.