Moshi wa Halali Katika Sufuria ya Maharagwe



Majuzi, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, jirani wa miaka mingi ambaye si mtu wa kubisha hodi bila sababu. Aliketi, akanywa kahawa, akauliza hali za watoto mmoja baada ya mwingine, kisha akanyamaza. Nikajua lipo jambo.

Mwanawe wa kwanza alikuwa amerejea kutoka Marekani, jimbo la Texas, alikokuwa akisoma. Usiku wa kwanza alimpikia maharagwe ya nazi kwa chapati. Kijana alikula, akashukuru, kisha akamwambia mamake jambo alilolificha kwa miaka. Muhula wake wa kwanza huko ugenini, alikuwa akila maharagwe karibu kila siku katika mkahawa ulio jirani na alikopanga. Aliyachagua makusudi, akidhani ni chakula kisicho na shaka, kwani katika maharagwe, maji na vitunguu, mna nini cha kuogopa? Yalikuwa na harufu ya moshi iliyomkumbusha shamba kwa nyanya yake, kulikopikiwa kuni. Hata siku moja upawa wa mpishi ukaibuka na kipande cha nyama. Akauliza. Akaambiwa ni nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, na kwamba ndiyo siri ya utamu wote ule. Akaiacha sahani mezani, akaondoka, wala hakurudi tena.

"Dada," akaniambia yule mama, "suala la dhambi nimekwisha kumuuliza ustadhi, naye amenituliza. Asiyejua hana lawama, na alipojua aliacha. Lililobaki ni langu mimi. Mwanangu amekipenda kitu akakiacha kwa ajili ya Mola wake. Nataka akipate nyumbani, na kiwe halali. Yawezekana?"

Nilimjibu kuwa yawezekana, ingawa kwa wakati ule sikuwa na hakika kama mkono wangu utaweza. Lakini jambo moja nililijua: ile harufu haikuwa ya nguruwe. Ilikuwa ya mti uliomkausha. Nyama ilikuwa ni chombo tu kilichoubeba moshi hadi kwenye sufuria, na moshi hukubali kubebwa na vyombo vingi.

Maharagwe aliyokuwa akiyala huko huitwa pinto. Ni neno la Kihispania lenye maana ya kitu chenye mabaka, kwa kuwa punje zake ni za rangi ya maziwa zilizonyunyiziwa madoadoa ya kahawia kama yai la ndege. Zikiiva madoa yote hupotea, na maharagwe huwa ya rangi moja, kahawia iliyokaribia uwaridi. Ndiyo maharagwe yapendwayo kaskazini ya Meksiko na majimbo ya Marekani yanayopakana nayo. Na hapa nawaomba wasomaji walitazame jambo hili vizuri: maharagwe haya asili yake ni bara lile lile, lakini nguruwe wa kufugwa hawakuwako Meksiko mpaka Wahispania walipowapeleka katika karne ya 16. Kabla ya hapo wenyeji walikuwa tayari wakila maharagwe, na walikuwa na pilipili iliyoiva ikawa nyekundu kisha ikakaushwa juu ya moshi. Pilipili hiyo mpaka leo huitwa chipotle, jina lililotokana na lugha ya Kinahuatl, nalo maana yake ni pilipili ya moshi. Kwa hiyo moshi na maharagwe ni jamaa wa tangu zamani, na nguruwe ni mgeni aliyekuja akaketi mahali pa mwenye nyumba.

Hapa kwetu, pinto si kitu cha kuagiza kwa meli. Maharagwe yaitwayo Mwitemania ni jamii hiyo hiyo ya pinto. Ukienda Kongowea au Marikiti, mtajie muuzaji jina hilo, au mwombe yale meupe yenye madoa ya kahawia. Ukiyakosa, chukua rosecoco, hutajuta sana. Lililo muhimu zaidi ya jina ni umri. Maharagwe yaliyolala ghalani miaka miwili yatakula mkaa wako wote na bado yatakuwa magumu. Tazama ngozi: ikiwa imekunjamana, imefifia rangi, na punje nyingi zimepasuka, yaache hapo hapo.

Chukua vikombe 2 vya maharagwe, yapata gramu 400. Yachambue mawe, yaoshe, uyaroweke usiku kucha kwa maji mengi yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Najua wengi tumefundishwa kuwa chumvi huyafanya maharagwe yawe magumu. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, lakini nimejaribu mara kwa mara na nimeona kinyume chake: chumvi ya kurowekea huilainisha ngozi. Kinachoyazuia maharagwe kuiva ni uchachu. Nyanya, ukwaju na ndimu visikaribie sufuria mpaka punje ziwe zimeiva zikabonyea kwa vidole viwili. Mama mmoja aliwahi kunilalamikia kuwa maharagwe yake yalikaa motoni saa tano, na nilipomhoji nikagundua alikuwa ametia nyanya tangu mwanzo.

Asubuhi mwaga maji ya kurowekea, tia maji mapya yapitayo maharagwe kwa urefu wa vidole vitatu, na uyachemshe kwa moto mkali kwa dakika zisizopungua 10. Usilirahisishe hili. Maharagwe mabichi yana sumu yake ya asili inayosumbua tumbo kwa kutapisha na kuharisha, nayo huvunjwa na mchemko wa kweli, si kwa uvuguvugu. Kisha punguza moto, tia kitunguu kimoja kilichokatwa kati na majani mawili ya bay kama unayo, na yaache yatokote polepole kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Magadi sikushauri. Yanalainisha, ni kweli, lakini huacha ladha kama ya sabuni, na hii ni sufuria tunayotaka isikie moshi tu.

Yakiiva, kaanga pembeni vitunguu maji viwili kwa vijiko viwili vikubwa vya samli mpaka viwe vyekundu, tia punje 5 za thomu zilizopondwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu kisha ikasagwa, na nusu kijiko cha dania ya unga. Nyanya mbili na pilipili moja mbichi usizikate zikiwa mbichi. Zilaze juu ya makaa mpaka ngozi iungue iwe nyeusi, zimenye, uziponde, ndipo uzichanganye na hivyo vitunguu. Huo ndio moshi wa kwanza, na wapo watakaoridhika nao wakaishia hapo. Mimina yote katika maharagwe, ponda upawa mmoja wa punje ubavuni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito, onja chumvi, na uache vichanganyike kwa dakika 15.

Sasa tufike kwenye moshi wenyewe. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kufukiza. Twafukiza nguo kwa udi, twafukiza nyumba kwa ubani, na bibi zetu walikuwa wakifukiza hata mitungi ya maji ya kunywa ili maji yapate harufu. Wapishi wengi wa biriani hufukiza nyama kwa kaa la moto na samli, mbinu ambayo kwa wapishi wa Kihindi huitwa dhungar. Nilichokifanya mimi ni kuitoa kwenye nyama na kuipeleka kwenye maharagwe.

Sitawaficha, mara ya kwanza nilishindwa. Nililiwasha kaa kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, kama tuwashavyo jiko siku zote, na maharagwe yote yakanuka kama taa ya chemni. Mara ya pili nikaliacha kaa ndani kwa robo saa, nikidhani moshi mwingi ndio utamu mwingi. Yakawa machungu kama majivu, hata paka wa jirani aliyanusa akaenda zake. Mara ya tatu nikatulia.

Chagua kaa moja gumu la mti, ukubwa wa limau. Kaa la kifuu cha nazi ni zuri zaidi, kwani huwaka safi na harufu yake ina utamu kidogo. Liwashe bila mafuta ya taa, lipepee mpaka liwe jekundu pande zote na lianze kufunikwa na jivu jeupe, lisitoe tena moshi wake lenyewe. Weka kibakuli kidogo cha chuma, au ganda nene la kitunguu lililo kama kikombe, katikati ya maharagwe yasiyo na maji mengi. Liweke kaa humo kwa koleo, lidondoshee nusu kijiko cha chai cha samli, na moshi mweupe utakapopanda funika papo hapo kwa kifuniko kinachobana. Hesabu dakika 4. Ukizidisha, usipite 6. Moshi huyapenda mafuta, na ndiyo sababu tulitia samli ndani ya mchuzi: harufu huikamata na kutulia humo, na ukiyaacha maharagwe nusu saa baada ya kuliondoa kaa, ladha huenea mpaka chini.

Neno moja la ukali kidogo, mniwie radhi. Kazi hii ifanyeni uani, au jikoni penye madirisha yaliyo wazi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na msimu wa mvua kila mwaka wapo wanaoingiza jiko chumbani, wakafunga mlango kwa baridi, wakalala. Ukimaliza, lizike kaa mchangani au ulizime kwa maji. Na mwenye mtoto wa pumu amsogeze mbali kabla hajafunua kifuniko.

Wasio na mkaa, kama dada zetu wanaoishi katika fleti, wana njia ya kijiko kimoja cha paprika ya moshi ya Uhispania, ambayo pilipili zake hukaushwa juu ya moto wa mwaloni. Zipo pia chupa za moshi wa majimaji, na hizo hutosha matone machache. Lakini someni kibandiko kwa makini, kwani baadhi ya viungo vya moshi huchanganywa na vitu ambavyo hatuvitaki mezani petu.

Tui la nazi je? Nililitia katika sufuria moja ya majaribio. Halikuwa baya, ila nazi na moshi zilikuwa zikigombania kiti kimoja. Maharagwe ya nazi yana heshima yake, tuyaache yalivyo.

Jumamosi nilimpelekea jirani yangu sufuria nzima, lakini nikaisimamisha mlangoni na kumtaka alitie kaa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, uani kwake. Kijana alikuwa ndani. Tulipofunua kifuniko harufu ilitutangulia kuingia, naye akatoka bila kuitwa, akasimama kizingitini akiitazama ile sufuria bila kusogea.

"Mama, umetia nini humu?"

"Kaa la kifuu na samli, mwanangu. Lile pale mchangani, bado lafuka."

Aliliendea, akainama akaliangalia kwa muda mrefu kuliko kaa linavyostahili kuangaliwa. Kisha akanawa mikono, akasema Bismillahi, akala bakuli mbili, na ya tatu akaimalizia kwa chapati. Mamake hakula hata tonge. Alikaa kwenye kibao, upawa mkononi, akimtazama.

Sufuria ilirudi kwangu Jumatatu, imeoshwa, na ndani mna kibaba cha mbaazi. Anataka tuzijaribu nazo.