Runinga Inaganda? Usikimbilie Kuongeza Megabiti

Leo nataka tuzungumze jambo linalowatoa watu pesa mifukoni bila sababu, nalo ni ule ushauri wa kila siku wa mafundi wa intaneti: "laini yako ni ndogo, pandisha." Picha ikiganda, pandisha. Sauti ikikatika, pandisha. Mimi nasema kwamba kwa runinga inayopita ndani ya mtandao wa nyumba kwa njia ya multikasti, ushauri huo mara nyingi ni sawa na kumtia dawa ya macho mgonjwa wa tumbo. Na unaendelea kutolewa kwa sababu ruta tunazouziwa hazituachi tuone ugonjwa uko wapi.

Hapa Mambrui jamaa zangu wana nyumba mbili zilizopakana. Ya kwanza ni ghorofa, na juu ya paa kuna antena ya kunasa chaneli za bure za kidijitali (tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, runinga ya zamani bila king'amuzi ni pambo la sebule tu). Badala ya kila chumba kununuliwa king'amuzi chake na kuvutiwa waya hadi juu, antena imeunganishwa na kompyuta ndogo ya Linux, ya ukubwa wa kiganja. Kompyuta hiyo inapokea chaneli na kuzituma kwenye kebo za mtandao wa nyumba kwa kutumia VLC, kila chaneli na anwani yake. Anayetaka kutazama anafungua udp://@239.10.10.1:1234 na picha inakuja. Nyumba ya pili imevutiwa kebo moja kutoka ya kwanza, nayo ina ruta yake.

Dalili zilikuwa mbili. Nyumba ya kwanza picha ilikuja safi kabisa, halafu baada ya dakika nne na ushei ikaganda. Ukibadilisha chaneli inarudi, dakika nne tena, imeganda. Nyumba ya pili haikuja kitu chochote, giza. Fundi wa intaneti aliitwa, akatazama, akasema: "Ami, watu wanne kwa laini ya megabiti 10 mtaganda tu. Chukueni ya 20." Ami alikuwa tayari kulipa.

Nilichofanya ni kuchomoa waya wa intaneti kwenye ruta. Runinga ikaendelea kuonyesha kama kawaida, na ikaganda pale pale inapoganda siku zote. Chaneli zinatoka kwenye paa, zinapita kwenye kebo za ndani, zinafika sebuleni. Hazijagusa intaneti hata kidogo. Hata mngenunua megabiti 1,000, picha ingeganda kwa saa ile ile.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana utamu uko hapa. Utumaji wa kawaida wa intaneti ni kama mtu anayebisha mlango kwa mlango kutoa habari moja: nyumba kumi, safari kumi. Multikasti ni kama mpiga mbiu wa zamani, anapita mara moja na waliokusudiwa wanasikia. Tofauti yake na mbiu ni kwamba hapa msikilizaji lazima kwanza ajiandikishe. Kazi hiyo inafanywa na itifaki iitwayo IGMP, ambayo Steve Deering aliiandika rasmi mwaka 1989 katika waraka wa RFC 1112. Toleo la pili lilitoka 1997 na la tatu 2002. Si teknolojia ya jana.

Chukulia kikundi cha multikasti kuwa chama cha akina mama pale mtaani. Kuna katibu ambaye kila baada ya muda anaita: nani bado yumo? Wanachama wanajibu: nipo. Mlangoni yuko bawabu anayesikiliza majibu hayo, na anaruhusu mzigo upite kwa wale tu waliojibu. Bawabu ni swichi iliyo ndani ya ruta, kile chombo kinachochungulia ujumbe wa IGMP ili kisimwage picha kwenye kila kebo. Katibu ni mashine yoyote iliyopewa kazi ya kuuliza. Vipimo vya kawaida ni hivi: katibu anauliza kila sekunde 125, jibu linasubiriwa sekunde 10, na mwanachama akikosa kusikika kwa mizunguko miwili anafutwa. Piga hesabu: 125 mara 2, ongeza 10, unapata sekunde 260. Dakika 4 na sekunde 20.

Ndiyo saa ile ile ya ami! Runinga ilijiandikisha ilipofunguliwa, bawabu akaandika jina, picha ikapita. Lakini kwenye mtandao ule hakukuwa na katibu hata mmoja. Hakuna aliyeuliza, kwa hiyo hakuna aliyejibu, na bawabu baada ya sekunde 260 akafuta majina yote kwa nia njema kabisa. Ukitaka kuhakikisha, andika kwenye kompyuta iliyomo kwenye mtandao huo:

tcpdump -ni eth0 igmp

Kisha kaa na kikombe chako cha chai dakika tano. Ukiona maombi ya kujiunga tu na hakuna swali hata moja linalopita, huna katibu. Shika saa pia: baadhi ya swichi zina muda wao tofauti, lakini kuganda kunakotokea kwa muda ule ule kila mara hakusababishwi na laini ndogo. Laini ndogo haina miadi. Inakwama jioni watu wakirudi majumbani, inafunguka usiku wa manane.

Dawa haikugharimu shilingi. Ruta ya nyumba ya kwanza, kwenye kurasa zake za mipangilio, ina kisanduku kimoja tu cha kuwasha au kuzima ule uchunguliaji. Ukatibu haumo. Basi kazi hiyo ikapewa ile ile kompyuta ndogo ya Linux. Kadi yake ya mtandao ikaingizwa kwenye daraja liitwalo br0, halafu:

echo 1 > /sys/class/net/br0/bridge/multicast_querier
echo 1 > /sys/class/net/br0/bridge/multicast_query_use_ifaddr

Mstari wa pili usiuruke. Bila huo, Linux inauliza swali kwa anwani ya 0.0.0.0, na ziko swichi zinazolipuuza swali lisilo na mwenyewe. Tangu hapo picha haijaganda.

Nyumba ya pili ilikuwa na maradhi mengine. Kule picha inafika upande wa nje wa ruta na inatakiwa ivuke kuingia ndani, na ruta ya kawaida haivushi multikasti bila kuambiwa. Kuna mambo matatu, na yote yanakaa kimya, hakuna ujumbe wa kosa wala taa nyekundu. La kwanza ni umri wa pakiti, TTL. Pakiti za multikasti kwenye Linux huzaliwa na TTL ya 1, yaani zikifika kwenye ruta ya kwanza zinakufa hapo. VLC inabidi iambiwe --ttl 5 au zaidi. La pili ni wakala wa kujiunga kwa niaba ya walio ndani. Ruta hiyo nimeiwekea OpenWrt na programu ya igmpproxy, na faili yake ni fupi:

phyint wan upstream ratelimit 0 threshold 1
phyint br-lan downstream ratelimit 0 threshold 1

La tatu ni ukuta wa ulinzi: UDP inayokwenda 224.0.0.0/4 iruhusiwe kutoka nje kuingia ndani, na IGMP yenyewe ikubaliwe upande wa nje. Ukitaka kujua kama kweli picha inavushwa, andika ip mroute show kwenye ruta utazame kama chaneli yako imeorodheshwa.

Kwa wenzetu walioko Ulaya, hili watakutana nalo siku watakapoiweka kando ruta ya kampuni na kununua yao. BT kule Uingereza na KPN kule Uholanzi wamekuwa wakipeleka chaneli za runinga kwa multikasti. KPN imekuwa ikizipeleka kwenye VLAN 4 wakati intaneti iko VLAN 6, na kwa mpangilio huo ruta mpya inapata intaneti vizuri na runinga inabaki nyeusi. Huko chanzo cha picha huwa kwenye mtandao mwingine na igmpproxy itazikataa pakiti hizo mpaka uandike altnet ya anwani zao. Watu wengi hukwama hapo hapo.

Lipo na suala la waifai, maana mtu akishaona picha imetulia kwenye kebo anataka aitazame kwa simu akiwa barazani. Multikasti hewani hutumwa kwa kasi ya chini kabisa ambayo kila kifaa kinaielewa, kwenye masafa ya 2.4 mara nyingi ni megabiti 1 tu kwa sekunde, na pakiti ikipotea hairudiwi. Chaneli ya megabiti 3 haiingii kwenye mlango wa megabiti 1. Mbaya zaidi, itaziba hewa yote na simu za nyumba nzima zitalalamika. Hapa ndipo ushauri mwingine wa kisirisiri, "zima tu huo uchunguliaji", unapoleta balaa: bawabu akiondoka, chaneli zote zinamwagwa kila mahali, waifai ikiwamo. Linux tangu mwaka 2017 inaweza kugeuza multikasti kuwa nakala za mtu mmoja mmoja kabla ya kuzirusha hewani, na OpenWrt inakupa chaguo hilo. Ruta nyingi za madukani hazina.

Najua mtu atasema, wewe unazungumzia kitu cha watu wachache, watu wanatazama YouTube. Kweli kabisa, na kwa YouTube fundi yuko sawa. Huko kila mtazamaji anapelekewa nakala yake, na watu wanne ni mizigo minne kwenye laini yako. Vivyo hivyo zile huduma za chaneli elfu moja zinazouzwa kwa jina la IPTV. Jina limechukuliwa, lakini multikasti haimo, kwa sababu haipiti kwenye intaneti ya wazi. Ilijaribiwa: mtandao wa majaribio wa MBone ulianza mwaka 1992, na baada ya miaka mingi waraka wa RFC 8815 wa mwaka 2020 ukashauri mtindo ule wa zamani, wa mtu kujiunga na kikundi bila kutaja chanzo, uachwe baina ya mitandao ya kampuni mbalimbali. Ndani ya mtandao wa kampuni moja, au wa nyumba moja, hauna shida.

Na hapo ndipo naona sisi wa miji midogo ya pwani tunapunjwa. Fikiria mechi moja, nyumba 200 za mji mmoja zilizoungwa kwa mtoa huduma mmoja, megabiti 5 kila nyumba. Hiyo ni gigabiti nzima juu ya kebo moja ya kuingia mjini, picha ile ile mara 200. Kwa multikasti ni megabiti 5. Ukivuka kutoka hapa kwenda Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, utaona madishi makubwa. Dishi la kwako la runinga linafuata kanuni hiyo hiyo: setilaiti inatuma mara moja, na wote walio ndani ya eneo lake wananasa. Tulipohamia kwenye faiba tukaiacha faida hiyo nyuma, na sasa tunauziwa kasi kufidia.

Siwalaumu mafundi sana, maana wamepewa kisanduku kilichofungwa na karatasi ya bei. Ninaowalaumu ni wanaotengeneza na wanaoingiza ruta. Nyingi zao ndani yake ni Linux tupu, uwezo wa ukatibu umo tayari, ila ukurasa wa kuuwasha umefichwa au umeondolewa. Wanahesabu antena ngapi zimesimama juu ya boksi kama pembe za ng'ombe wa maonyesho, na hakuna anayekuambia kama ina wakala wa IGMP, toleo gani, au kama inaweza kuuliza.

Kwa hiyo ukienda dukani Malindi, kabla ya kuuliza kasi, tafuta namba ya modeli na namba ya toleo lake chini ya boksi, kisha itazame kwenye orodha ya vifaa vya OpenWrt. Namba ya toleo ni muhimu kama jina, maana modeli moja inaweza kubadilishwa matumbo bila rangi kubadilika. Ikiwa haimo kwenye orodha, uliza kama inakubali mtu kuingia kwa SSH. Muuzaji akikukodolea macho, angalia iliyo rafu ya chini, zile za zamani kidogo zenye vumbi. Ile ya nyumba ya pili ilitoka hapo.