Kabla ya Kujaribu Pishi Jipya, Chukua Zamu

Kila mwaka vyuo vikikaribia kufungwa, magrupu yetu ya WhatsApp hubadilika sura. Wiki mbili kabla ni madesa ya UE na dua za kuepushwa na sup. Karatasi ya mwisho ikiisha tu, zinaanza kumiminika video za mapishi: kuku wa asali, tambi za jibini, keki ya mdalasini. Chini yake mtu anaandika, "Likizo hii nyumbani watanikoma, nitawapikia hii." Mimi naliunga mkono wazo hilo kwa mikono miwili. Ninachogombana nacho ni hilo neno "nitawapikia", maana ninavyoona wengi wetu hatupiki. Sisi tunajaribu, halafu kuna mtu mwingine anapika.

Na msimu wenyewe unafaa. Wenzetu wa Ulaya mapishi yao ya baridi huyatoa Desemba, na sisi tunayafungua kwenye simu huku kaskazi inatuunguza na shati limegandana na mgongo. Baridi yetu ya pwani, ndogo tu lakini ni yetu, huja na kipupwe, Juni mpaka Agosti, na likizo ndefu ya vyuo vyetu vingi inaanzia humohumo. Hapa Bagamoyo kusi linavuma, usiku watu wazima wanajifunika kanga mbili, na kukaa jikoni karibu na mkaa inakuwa starehe badala ya adhabu. Machungwa ni mengi sokoni, muhogo upo. Samaki ndiyo shughuli, kwa sababu bahari ikichafuka vyombo vidogo haviendi mbali, na pale mnadani ufukweni bei inapanda mbele ya macho yako.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Nina binamu yangu anasoma Dar, kijana mzuri, mcheshi. Likizo iliyopita alikuja kwetu na azma ya kupika piza. Alipewa hela ya mboga ya siku ile, akaomba na ya kesho yake, yote ikaishia kwenye jibini. Jiko la kuokea halipo, akaweka sufuria juu ya mkaa mkali. Chini ikawa makaa, juu unga mbichi. Saa tisa alasiri dada yangu, ambaye siku hiyo haikuwa zamu yake, alikuwa anaosha dagaa ili watoto wale. Sufuria ile iliyoganda aliisugua nani? Dada huyohuyo. Jioni binamu akaweka status: watu wa nyumbani hawapendi vitu vipya.

Kauli hiyo nimeisikia kwa wanachuo wengi na nadhani si ya haki. Watu wa pwani hii wamekula vitu vipya kuliko sisi tulivyosoma madesa. Tazama sinia la shughuli yoyote hapa mjini. Mchele na nazi asili yake ni Asia. Karafuu inayonukia kwenye pilau ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 tu. Pilau na biriani zimeingia na majina yake kutoka upande wa Uajemi na India, chapati na kachumbari ni za Kihindi hata kwa jina. Muhogo, mahindi, pilipili, nyanya, viazi, vyote hivyo asili yake ni Amerika, vikatufikia baada ya merikebu za Wareno kuanza kupita huku mwaka 1498. Leo ukimwambia bibi wa Kizaramo au Kikwere kwamba ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi ni chakula cha kigeni atakucheka mpaka machozi yamtoke. Lakini kuna siku, katika nyumba fulani, mtu alikiweka jikoni kwa mara ya kwanza na watu wakakitazama kwa mashaka.

Kwa hiyo wanachokikataa nyumbani ni kitu kingine. Wanakataa hatari. Chuoni ukiharibu chakula getoni umeharibu cha kwako. Unateremka, unanunua chipsi mayai, bumu linapungua, basi. Nyumbani sufuria ni moja na wanaoingoja ni wanane, tisa, na mgeni anaweza kutokea mlango wa uani wakati wowote. Hela ya mboga imehesabiwa tangu jana usiku. Mama anayesema "we mwanangu, tupikie tu mchicha" anajua kwamba pishi likigoma wewe utaenda kulala na simu yako, na yeye ndiye atakayetafuta cha kuwapa watu.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Anayetaka kujaribu pishi jipya likizo hii aichukue kwanza zamu, na aichukue nzima. Zamu ni kwenda sokoni asubuhi na kurudi na kitu kwa hela ileile. Ni kuchambua mchele, kukaa juu ya mbuzi na kukuna nazi, kukamua tui, kuwasha mkaa uliolowa umande, kupakua kwa kumjua nani halii pilipili na nani lazima atengewe. Na vyombo. Hasa vyombo, maana wanaume wa chuo tuna ugonjwa wa kuamini kwamba kupika kunaishia kwenye kupiga picha. Ukishaibeba hiyo kwa wiki mbili tatu, utashangaa jinsi watu walewale "wasiopenda vitu vipya" wanavyokuambia, haya, leo tufanyie hicho chako.

Mimi nilichukua zamu ya mchana, Jumatatu mpaka Alhamisi. Baba mdogo alinikuta nimekalia mbuzi akauliza, "Ndiyo mnayofundishwa huko chuo?" Nikamwambia, "Shikamoo baba," nikaendelea kukuna. Hoja yake naijua na haina miguu. Pale ufukweni kwetu wanaokaanga samaki kwenye makarai ni wanaume. Banda la chipsi, mwanaume. Likitokea arusi au msiba, sufuria kubwa za ubwabwa zinazogeuzwa kwa mwiko mrefu kama kafi, wanaozisimamia mara nyingi ni wanaume, na wanajisifu nazo. Mwanaume wa pwani anajua kupika sana, ila anapika palipo na malipo au sifa. Zamu ya Jumanne ya kawaida, maharage na wali, hiyo ameiacha kwa dada zake.

Wiki ya tatu nikaomba siku yangu. Pishi nililolichagua linaitwa bobó de camarão, linatoka Bahia, Brazili, na nililichagua kwa hila: hakuna kitu ndani yake ambacho mama angekitilia shaka. Ni muhogo, kamba, tui la nazi, kitunguu, saumu, hoho, nyanya, giligilani na mafuta ya mawese. Historia yake inagusa hata mji huu. Muhogo ulitoka kwao ukaja kwetu, nazi ilitoka upande huu wa dunia ikaenda kwao, zote kwa merikebu za Wareno, na mawese ni ya Afrika Magharibi. Waliovikutanisha katika chungu kimoja kule Bahia ni Waafrika waliopelekwa utumwani na vizazi vyao. Mtu aliyekulia Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa, hawezi kula hicho bila kufikiri kidogo.

Nilifanya hivi. Kilo moja na nusu ya muhogo mtamu (mtamu jamani, muhogo mchungu una sumu na unahitaji kuandaliwa kwa namna yake) nikaumenya, nikautoa uzi wa katikati, nikauchemsha hadi ukalainika kabisa. Nazi mbili: tui zito nikaliweka pembeni, tui la pili nikalitumia kuupondea muhogo mpaka ukawa kama uji mzito. Kamba ni ghali, na kwa watu wanane nilinunua nusu kilo tu ya wale wadogo, nikawalowesha kwa limau, chumvi na saumu. Kitunguu na hoho vikakaangwa, nyanya ikaiva mpaka ikatoa mafuta, kamba wakaingia dakika chache tu kwa sababu wakizidi moto wanakuwa mpira. Halafu muhogo, halafu tui zito kwa moto mdogo, huku nakoroga lisikatike. Mwisho kijiko cha mawese, niliyoyabeba Kariakoo kwenye chupa ndogo, na giligilani juu. Pembeni ubwabwa.

Na sufuria ya pili, ndogo, ilikuwa na kunde. Hilo naliona ni la lazima kuliko kiungo chochote: pishi jipya lisiwe ndiyo chakula pekee cha nyumba siku hiyo. Pika kidogo, kando ya kitu ambacho watu wanakijua. Hapo mtu anaonja kwa hiari, hashikwi shingo na njaa.

Bibi alionja, akanyamaza, akaonja tena. Akasema, "Mjukuu wangu, hii si futari hii? Umeiponda tu na kuitia kamba." Nikamwambia futari hii imevuka bahari, bibi. Akasema basi huko ilikokwenda wameisahau pilipili manga. Aliitia mwenyewe, na kwa kweli ilikuwa bora zaidi. Kunde zilibaki.

Wengine watasema hoja yangu ni ngumu bure. Mwanachuo amechoka, miezi inayofuata ana field, likizo ni ya kupumzika. Sawa, pumzika. Ila usipumzikie mgongo wa mtu halafu ukamwita mshamba kwa sababu hakuifurahia piza yako. Hoja niliyoiona nzito ililetwa na mwanafunzi mwenzangu wa kike, na imenibadilisha sehemu ya msimamo. Alisema, "Mimi napika nyumbani tangu darasa la nne. Unaniambia nichukue zamu? Zamu ndiyo imenichukua mimi." Ana haki. Kwake sharti langu limeshalipwa miaka kumi nyuma. Na ndiye huyo ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kujaribu chochote, kwa sababu kwake kupika ni kazi, na anayeharibu kazi anagombezwa, wakati kaka yake akiunguza yai wanasema angalau amejitahidi. Nyumba yenye binti wa namna hiyo, likizo hii imtengee hela ya kuharibu. Siku moja kwa wiki, kiasi kidogo, akipike anachotaka, na kisipoiva mtu asinune. Kaka zake wakae na zile siku sita.

Kuna jingine ambalo zamu inakupa na simu haina. Video zinaanza na "washa oveni nyuzi 180", na wengi wetu tunaishia hapo, tunafunga. Kumbe majiko yetu yalishalijibu swali hilo siku nyingi. Mkate wa kumimina unaiva vipi? Mchele unalowekwa usiku, unasagwa na tui, unatiwa hamira, sukari na hiliki, unaachwa uumuke, unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, halafu unapaliwa: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Hiyo ni oveni. Binamu yangu alikuwa na bibi mwenye oveni hiyo hatua kumi kutoka alipokuwa anaunguza unga, hakumuuliza. Najua mkaa wenyewe una mwisho wake; mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sababu zaidi ya kumwahi bibi sasa. Ukimuuliza vipimo atakuambia "kadiria". Usikasirike. Kaa naye na kikombe cha bati, kila anachotaka kumimina pima kwanza, andika. Mimi nimeshapata desa la mkate wa kumimina, la samaki wa kupaka na la mchuzi wa papa mkavu, kurasa tatu za daftari la mihadhara, lina madoa ya tui.

Kwa wahariri wa jarida hili nina ombi. Tukifungua chuo, mtenge ukurasa mmoja wa mapishi ya likizo, na kila anayeleta pishi lake aandike pia mambo matatu: walikula wangapi, hela ya mboga ya siku hiyo ilitosha au aliongezewa, na vyombo aliosha nani. La kwangu mimi: wanane na jirani mmoja, ilitosha kwa tabu, na vyombo niliosha mwenyewe isipokuwa lile karai, ambalo baba mdogo alilichukua bila kusema neno akaenda kulisugua kwa mchanga.